Dirisha la Shangazi limekwenda wapi?

Zikisalia siku kumi kufika Idi, mwenye duka la leso hana muda wa kuugua, sembuse muda wa kupoteza daftari la madeni. Hayo ndiyo yaliyomfika shangazi yangu, ambaye duka lake haliko mbali na Barabara ya Biashara hapa Mombasa. Wateja wake huanza kuchukua doti kwa mkopo tangu Shaabani, wakalipa kidogo kidogo hadi usiku wa kuandama mwezi. Zamani aliyaandika madeni hayo katika daftari lenye jalada gumu. Kisha mwanawe akamshawishi ayahamishe kwenye kompyuta (walimu wetu wangependa niseme tarakilishi), ndani ya programu ya Excel. Na kwa kuwa macho ya Shangazi yamechoka, kijana akamwekea skrini ya pili, kubwa, upande wa kulia, ili daftari litandazwe huko siku zote.

Kijana akapata kazi Nairobi. Alipoondoka, akaondoka na skrini yake. Asubuhi ya pili Shangazi akafungua daftari kama ada. Chini ya kioo alama ya Excel ikawaka kuonyesha kwamba programu imefunguka, lakini juu hapakuwa na kitu. Akabofya tena na tena. Wapi!

Fundi akaitwa. Akalinakili faili kwenye flashi, akajaribu kulifungua katika kompyuta yake mwenyewe, na huko nako lisionekane. Basi akatoa hukumu: faili limeharibika, alipwe shilingi elfu tatu alirejeshe, na kompyuta yenyewe ifutwe yote ianzwe upya. Nilipopita jioni nilimkuta Shangazi ameketi barazani, ameshika tama.

“Mwanangu,” akaniambia, “deni lisiloandikwa hulipwa na nani?”

Kumbe hakuna kilichoharibika. Dirisha lilikuwa limefunguka barabara, ila lilifungukia mahali ambapo hapakuwa tena na skrini.

Neno hili dirisha tulilipata kwa Waajemi, nasi watu wa Mji wa Kale tunajua kuwa dirisha ni kitu kisichohama. Pita Ndia Kuu leo, pita kesho, roshani utaziona palepale zilipokuwa. Dirisha la kompyuta huhama kila saa. Mmoja hulivuta kushoto, mwingine akalipunguza, na ukitaka kesho ulikute ulipoliacha leo, sharti mtu awe ameandika lilipokuwa. Ni nani huyo mwandishi? Wengi hudhani ni kompyuta yenyewe. Katika Windows, kwa sehemu kubwa, kazi hiyo huachiwa kila programu ijifanyie. Ndiyo maana moja hukumbuka vizuri na jirani yake husahau kila siku, ingawa zote ziko ndani ya mtambo mmoja.

Kinachoandikwa ni namba chache tu: dirisha limeanza wapi kutoka kushoto, limeanza wapi kutoka juu, upana wake na kimo chake. Kipimo ni nukta za kioo, na huhesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto ya skrini kuu. Tuseme skrini kuu ina upana wa nukta 1,920. Ile ya pili, iliyo kulia, itaanzia hapo 1,920. Daftari la Shangazi lilizoea kukaa, tuseme, kwenye 2,000. Skrini ya pili ikaenda zake Nairobi, namba 2,000 ikabaki. Ni kama tarishi aliyepewa anwani ya nyumba iliyobomolewa, naye akaenda kuitupa barua uwanjani.

Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutazama kwanza kama mahali hapo pangalipo, na isipopaona huleta dirisha katikati ya skrini iliyopo. Si zote zenye adabu hiyo, wala si kila mara. Isitoshe, Excel huandika mahali pa dirisha ndani ya faili lenyewe, kwa hivyo ukilinakili faili, anwani ile mbovu husafiri nalo. Fundi wetu aliubeba ugonjwa kwenye flashi, akaufikisha kwake, kisha akauita uharibifu.

Likikufika nawe, usilipe mtu. Bofya kwanza alama ya programu iliyo chini ya kioo. Shikilia kibonye cha Alt, ubonyeze kile kirefu cha nafasi. Itatokea menyu ndogo. Bonyeza herufi M, kisha kibonye chochote cha mshale, halafu sogeza kipanya. Dirisha litakuja limenata kwenye kipanya kama mtoto aliyeshika leso ya mamake. Bofya, litatulia. Kama M inakataa, huenda dirisha limetanuliwa likajaza skrini. Rudi kwenye menyu ile, bonyeza R kwanza, kisha uanze upya.

Kuna wasahaulifu wa namna nyingine. Programu nyingi huandika mahali pa dirisha wakati wa kufungwa tu, na stima ikipotea ghafla hazipati nafasi hiyo. Usiku wa Ijumaa ya 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba karibu Kenya nzima, nilikuwa nimetoka kuyapanga madirisha yangu nilivyotaka. Umeme uliporudi niliyakuta yamekaa kama nilivyoyaacha siku iliyotangulia, utadhani sikuyagusa.

Na nyumba zenye kompyuta moja? Hapo babu analikuza gazeti lijaze kioo apate kusoma, na jioni mjukuu analifinya pembeni acheze mchezo wake. Kumbukumbu hizi kwa kawaida hutunzwa kwa kila akaunti mbali. Mfungulie babu akaunti yake, na mjukuu yake, na ugomvi huo utakwisha. Wenye Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, wana nafuu zaidi, kwani katika mipangilio ya skrini mna mahali pa kuiagiza ikumbuke madirisha yalivyokaa kwa kufuata skrini zilizounganishwa. Shangazi bado alikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Nilipobonyeza M na mshale, daftari likachomoza kutoka kulia, zima, bila hata shilingi moja kupungua. Shangazi alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, mmoja mmoja, na kila jina na deni lake. Alipofika mstari wa saba akanyamaza. Akaishusha miwani, akanitazama.

Doti mbili, tangu Shaabani. Na mimi nilikuwa nimekwisha simama, natafuta viatu.