Goti Lipimwe kwa Miaka, Si kwa Siku ya Kurejea Uwanjani

NASAHA ZA JUMA
Na Omari Shekue

Kila mchezaji mashuhuri akatikapo ligamenti ya goti, swali la kwanza la mashabiki, la wenye klabu na hata la jamaa zake huwa ni moja: atarudi lini? Swali hilo si ovu, maadamu kabumbu ni riziki ya watu na furaha ya umma. Lakini limetuzoesha kuhesabu kwamba tiba imefaulu siku ile kijana anapovaa jezi upya, ilhali goti lenyewe lingali na miaka arubaini au hamsini ya kumbeba.

Yafaa tuifahamu kwanza kazi ya mpasuaji. Ligamenti ya mbele, ambayo huuzuia muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja wala kujipinda ovyo, ikishakatika kabisa aghalabu haiungi vyema. Ndipo tabibu hutwaa kipande cha kano ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani, akakikaza kiwe badali ya ile iliyokatika. Kano hiyo huwekwa ikiwa haina damu ipitayo ndani yake, na katika miezi ya mwanzo hupungua nguvu kabla ya kujengeka upya. Nao udhaifu huo huja wakati ambapo uvimbe umeshuka, maumivu yametulia, na kijana anajiona mzima kabisa.

Hapo ndipo haraka inapoleta msiba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliowafuatia wagonjwa 106 kwa miaka miwili, ulionyesha kwamba kila mwezi wa subira, hata kutimia miezi tisa, uliipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Mwaka huo huo, wataalamu waliokusanya tafiti nyingi walikuta kwamba katika vijana wasiotimiza miaka 25 waliorejea michezoni, takriban 23 kwa kila 100 walikatika ligamenti upya, ama katika goti lile lile ama katika la pili. Giuseppe Rossi, mshambuliaji wa Italia, aliumia goti la kulia Oktoba 2011 akiichezea Villarreal, likakatika tena Aprili 2012 akaikosa michuano ya Ulaya; na Aprili 2017, akiwa Celta Vigo, likakatika la kushoto.

Wala upasuaji wa marudio haulingani na ule wa kwanza. Matundu ya zamani huenda yamepanuka, hata ikalazimu yajazwe mfupa na kungojewa kwa miezi kabla ya kupandikiza tena. Kano iliyofaa zaidi imekwisha tumika. Nayo gegedu imezidi kuharibika. Ndiyo sababu matokeo yake, kwa jumla, huwa duni.

Tena hata asiyerudi kupasuliwa hajasalimika. Huko Sweden, wanawake wanasoka waliochunguzwa miaka 12 baada ya kuumia, wakiwa na umri wa wastani wa miaka 31, nusu yao walikwisha onekana kwa eksirei kuwa goti linasagika, waliopasuliwa na wasiopasuliwa bila tofauti ya maana. Na katika jaribio jingine la nchi hiyo, lililowahusisha watu 121, takriban nusu ya walioanza kwa mazoezi ya tiba peke yake walikuwa hawajahitaji kisu hata baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo nawausia wazazi na wachezaji wamwulize tabibu maswali mengine: je, goti hili lazima lipasuliwe? Nguvu ya paja itapimwa vipi na kulinganishwa na ya mguu mzima? Nani atasimamia mazoezi mpaka mwisho? Nazo klabu nazinasihi ziandike katika mikataba kwamba hakuna atakayerudishwa mchezoni kabla ya miezi tisa na kabla ya kufaulu vipimo, na kwamba mshahara wake hautakatwa katika muda huo. Kwani kijana anayeogopa kukosa posho hataweza kusubiri, ajapokuwa na tabibu hodari kuliko wote.