Mionzi Haiandiki Hati ya Kifo

Wako watu, msomaji, waaminio kuwa kirusi kikiisha kupigwa mionzi kimekwisha kufa, na kwamba atakaye kukipima tena ana woga wa bure. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini mimi nayapinga.

Sisemi kuwa mionzi ni dhaifu. Miale ya gama itokayo katika kobalti 60 hupenya chupa iliyozibwa, ikaukatakata uzi wa urithi wa kirusi hata kisiweze kuzaana tena, na huku protini zake nyingi zikibaki na umbo lake. Kwa njia hiyo mtaalamu aweza kuuchunguza mwili wa kirusi cha Ebola pasipo kuhatarisha roho yake. Wala chupa iliyopigwa miale hiyo haigeuki kuwa yenye mionzi. Hofu hiyo ndiyo ya bure.

Lakini tazama hesabu. Ikiwa dozi moja huacha hai kirusi 1 katika kila 10, dozi mbili huacha 1 katika 100, na dozi sita huacha 1 katika 1,000,000. Chupa iliyokuwa na virusi 100,000,000 ingali na 100 vilivyo hai! Tena kilichogandishwa huhitaji mionzi mingi kuliko kilicho majimaji, na kobalti yenyewe hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka mitano na kitu. Basi dakika zilizotosha zamani hazitoshi leo.

Watasema natisha watoto. Na waulize habari za Dugway, katika jimbo la Utah, Marekani. Huko jeshi lilikuwa likiua kwa mionzi vijidudu vya kimeta (hivyo ni bakteria, si virusi, lakini hesabu ni ile ile) na kuvipeleka kwa watafiti vikiitwa vifu. Mwaka 2015 maabara moja iliyovipokea ilivipanda, navyo vikaota. Vingine vilikuwa vimekwisha fika hata kambi ya jeshi katika Korea ya Kusini. Na kupima, walipima! Ila walipima sehemu ndogo, tena mapema mno, kabla vilivyojeruhiwa havijapata nafasi ya kupona.

Kupima sawasawa kwachukua siku nyingi, nakubali. Lakini aifunguaye chupa ile hakuuona mtambo wala hakuisoma saa yake. Ana karatasi tu iliyoandikwa kuwa kilichomo kimekufa. Aliyeiandika na aonyeshe alijuaje.