Nani Ana Funguo za Kamera?

Ukishuka kwenye mat pale Ambassadeur leo jioni, inua macho. Juu ya mlingoti kuna kamera. Inakuona wewe, inamwona mama wa njugu, inamwona yule msee anayetoka mbio na simu isiyo yake. Tumezizoea kama tulivyowazoea wale korongo wa Nyayo: wako pale juu, na hakuna anayewauliza kitu.

Kamera hizi zilikuja baada ya Westgate. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jumba lile, na mwaka uliofuata serikali ikaipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano, pamoja na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Gawanya hizo pesa kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2019, utapata kama shilingi 313 kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Hukuulizwa, lakini ni ganji yako.

Mimi nina swali lingine. Pesa za kununua kamera tunazijua. Za kuzilinda ziko wapi? Nani analipwa kuhakikisha kwamba picha yako ukipita Tom Mboya saa tatu usiku haiishii kwenye simu ya mtu anayekutafuta? Nani anaandika kwamba afisa fulani, saa fulani, aliingia kwenye seva na kufuta kitu? Tafuta jibu kwenye makadirio ya bajeti, kisha uniambie umeona nini.

Najua utaniambia nini. "Wewe, karao waongezewe pesa? Baada ya Juni 2024?" Nakuelewa. Mimi pia nilikimbia siku ile, na mimi pia nina marafiki waliolala kwa jamaa zao wiki nzima wakiogopa Subaru nje ya geti. Lakini sikiliza kwanza. Kamera tayari ziko. Uso wako tayari umo ndani. Kunyima mfumo huo ulinzi hakutauzima. Utabaki vilevile, ila mlango ukiwa wazi. Na mlango ukiwa wazi, atakayeumia kwanza si bosi wa polisi. Ni yule dada aliyeripoti mume anayempiga. Ni shahidi aliyetaja majina ya genge la mtaani kwake.

Wenzetu wameyaona. Machi 2018 wadukuzi waliufungia mji wa Atlanta, Marekani, kompyuta zake na kudai kama dola 51,000. Polisi wa mji huo walipoteza video za miaka mingi zilizorekodiwa na kamera za magari yao. Mwaka 2021 polisi wa Washington, mji mkuu wenyewe, walivamiwa na genge liitwalo Babuk. Wadukuzi walipokosa pesa walizotaka, wakamwaga faili za polisi mtandaoni, zikiwemo siri za maafisa na taarifa za kijasusi. Sisi wenyewe, Julai 2023, tulishinda siku kadhaa tukihangaika na eCitizen baada ya kundi la Anonymous Sudan kuishambulia. Serikali ilikiri. Tukatulia, tukasahau.

Lakini tusidanganyane kwamba adui ni Mrusi aliyejifungia chumbani. Adui mwingine yuko ndani, amevaa sare, na ana nywila.

Kumbuka Albert Ojwang. Mwalimu, kijana wa miaka 31. Tarehe 7 Juni 2025 alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye X, akasafirishwa hadi Central Police Station, Nairobi. Siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema majeraha yale hayalingani na hadithi hiyo. Basi tukasema, sawa, tuangalie CCTV. Na hapo IPOA ikaiambia Seneti kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa na diski zake kufutwa. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, wameshtakiwa kwa mauaji. Wamekana, na hiyo ni kazi ya korti.

Kamera za kituo si zile za barabarani, lakini somo ni lilelile. Hakuna aliyehitaji kudukua kitu. Palihitajika mtu mmoja tu anayeweza kufika kwenye mashine. Mfumo ambao anayechunguzwa ndiye anayeshika funguo za ushahidi haujalindwa, hata ungegharimu mabilioni.

Na mwezi huohuo sirkali ilikuwa inamtafuta mdukuzi wapi? Kwa mwanaprogramu mmoja kijana wa Nairobi, aliyetengeneza tovuti ya kuwasaidia Wakenya kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alilala seli, akashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018. Korti iliitupa kesi baada ya wiki chache. Yaani raia akimwandikia mbunge ni uhalifu wa mtandao. Diski za polisi zikifutwa, tuunde kamati.

Kwa hivyo nasema tutoe hizo pesa za usalama wa mtandao. Zitoke kwenye kodi yetu, na zitoke kwa masharti.

Kwanza, ziwe na mstari wao kwenye bajeti, zisomwe bungeni kama zinavyosomwa za dawa na barabara. Zisifichwe kwenye lile fungu la matumizi ya siri. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi katika pesa za umma. Hatuombi nywila wala ramani ya seva. Tunaomba kujua ni kiasi gani, kampuni gani, na kazi imefanyika au la. Anayesema hilo litawasaidia magaidi anatuona wajinga.

Pili, funguo zigawanywe. Video za kila kituo cha polisi zijitume zenyewe, saa hiyohiyo, mahali ambapo OCS hana mkono, na IPOA iweze kuzifungua. Kila anayeingia kwenye mfumo aache alama asiyoweza kuifuta. Diski ikifutwa Central, nakala iwe tayari imelala kwingine.

Tatu, mfumo ukivamiwa tuambiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 pale uvamizi unapoweza kuwadhuru watu. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mwanya wa "usalama wa taifa", na mwanya huo unatosha kupitisha lori. Uzibwe.

Nne, waajirini hawa vijana. Nairobi imejaa watu wa kompyuta wanaojua kutafuta tundu kwenye mfumo na wamekaa nyumbani wakingoja bando iishe. Walipwe kujaribu kuvunja mifumo ya polisi kabla mwizi hajaivunja, na sheria iwalinde wakisema walichokiona.

Najua kwa nini haya hayafanyiki. Kamera mpya ina uzinduzi: utepe, waziri, picha ya gazetini, tenda nono. Kusasisha programu za seva hakuna utepe. Kubadilisha nywila hakuna tenda. Na zaidi ya hapo, kuna watu ambao mfumo usiolindwa unawafaa. Ukilindwa vizuri, utawakumbuka na wao pia.

Ndiyo maana hii si habari ya watu wa IT peke yao. Bajeti inayofuata ikiletwa kwa maoni ya umma, usiishie kuuliza bei ya mkate na data. Andikia mbunge wako swali moja: pesa za kulinda mifumo ya polisi ni ngapi, na nani ana funguo? Kumwandikia si kosa. Korti imeshasema.