Tiba ya Uboho Isiwe Kisingizio cha Uzembe



Wapo wanaotufariji kwamba aliyedhuriwa na mionzi aweza kupandikizwa uboho wa mwenzake, na damu yake ikarudi. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni ya hatari yakifanywa kisingizio cha uzembe.

Uboho wa mifupa ndio unaozalisha damu. Mionzi mikali huuharibu; majuma machache baadaye chembechembe nyeupe zinazotukinga na magonjwa hupungua, pamoja na zile zinazogandisha damu. Mgonjwa asipofa kwa maambukizo, aweza kufa kwa kuvuja damu.

Tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka katika Muungano wa Kisovyeti. Wafanyakazi na wazimamoto 134 walipata ugonjwa wa mionzi. Kati yao 13 walipandikizwa uboho, na wawili tu wakanusurika. Nao waliokolewa na uboho wao wenyewe uliopata nguvu tena. Uboho mpya hauponyi ngozi wala utumbo ulioungua.

Mwaka uliofuata, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliotafuta riziki walichukua sehemu ya mashine ya kutibia saratani iliyotelekezwa katika zahanati iliyohama, ili waiuze kama vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu. Wagonjwa 8 walipewa dawa ya kuchochea uboho, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni. Hata hivyo watu 4 walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6.

Nani mwenye hatia? Si maskini aliyeokota chuma. Mwenye kosa ni aliyeimiliki hatari hiyo akaiacha bila mlinzi, na mwenye mamlaka asiyeikagua.

Tunashukuru kwamba dawa hizo zimeendelea. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha filgrastimu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Lakini dawa humfikia mwenye hospitali karibu, ilhali mionzi humfikia yeyote.

Kwa hiyo haki yadai kwamba kila chombo cha mionzi kiandikishwe, kilindwe hadi siku ya kuondolewa, na hatari yake ielezwe kwa lugha ambayo hata muuza vyuma chakavu ataielewa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Uhai ukishapotea, hakuna ukuta wa kujenga.