Meza, Saa na Dau: Tafakari Juu ya Mchezo wa Pool



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo limekuwa likirudi lalamiko moja: meza ya pool. Wazazi wanasema imewaharibia vijana, na wapo wanaotaka ikemewe hadharani. Lalamiko hili si geni. Mwaka 2016 viongozi wa serikali nchini Tanzania waliwakaripia vikali vijana wanaoonekana mezani tangu asubuhi, na wengine wakaagiza wakamatwe. Sisi tunaamini kwamba hukumu inayotangulia ufahamu haiwezi kuwa ya haki. Basi tuufahamu kwanza mchezo wenyewe.

Pool ni mtoto wa biliadi, mchezo uliozaliwa Ulaya kutokana na michezo ya kugonga mipira juu ya majani. Ndiyo sababu kitambaa cha meza kwa desturi ni cha kijani hata leo. Katika namna iliyozoeleka sana kwetu kuna mipira 15 pamoja na mweupe unaopigwa kwa fimbo. Mmoja huchukua mipira ya rangi tupu, namba 1 hadi 7, na mwenzake yenye mistari, namba 9 hadi 15. Aliyemaliza yake ndiye mwenye ruhusa ya kuutafuta mweusi, namba 8. Anayeutumbukiza kabla ya wakati wake amepoteza mchezo wote, hata kama alikuwa anaongoza. Ni mchezo unaomwadhibu mwenye pupa. Mpigaji mzuri hafikirii tu mpira ulio mbele yake, huwaza pia mpira mweupe utasimama wapi baada ya pigo hili ili pigo lijalo liwezekane.

Iko kanuni moja ya mashindano ambayo tungependa kila mzazi aijue. Pasipo mwamuzi, yule asiyepiga ndiye anayefanya kazi ya uamuzi. Yaani mpinzani wako ndiye hakimu wako, na zamu yake ikifika, nawe unakuwa hakimu wake. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kusimama pasipo uaminifu. Kijana anayekiri kwamba fimbo yake imegusa mpira usiostahili, ilhali hakuna aliyemwona, amejifunza jambo ambalo wengi wetu tunalishindwa tukiwa ofisini na sokoni.

Mchezo huu una historia inayotugusa sisi wa pwani na wa bara. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana kwa ulaini wake. Zilibebwa mabegani mwa watu, wapagazi wa ujira na watumwa pia, kutoka bara hadi Bagamoyo na Zanzibar, kisha zikavushwa bahari hadi Ulaya na Marekani. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Katika miaka ya 1860 watengenezaji wa New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe, na juhudi za John Wesley Hyatt katika utafutaji huo zikasaidia kuzaa selulodi, mojawapo ya plastiki za kwanza. Starehe ya watu wa mbali ilikuwa na gharama iliyolipwa hapa kwetu. Tukiulizana leo juu ya gharama ya mchezo huu, tunauliza swali la zamani.

Je, mchezo huu waweza kumlea mtu? Tumtazame Efren Reyes wa Ufilipino, aliyezaliwa mwaka 1954 katika familia ya kawaida. Akiwa mtoto alipelekwa Manila kwa mjomba wake mwenye ukumbi wa pool. Alifanya kazi humo, akalala juu ya meza usiku, na kwa kuwa alikuwa mfupi alisimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza. Mwaka 1999, huko Cardiff, akawa bingwa wa dunia wa mchezo wa mipira tisa. Hatusemi kila kijana wa mtaani atakuwa Reyes. Tunasema tu kwamba ukumbi uleule waweza kumlea mtu au kumpoteza, kutegemea yaliyomo ndani yake.

Na hapo ndipo penye kiini. Jina lenyewe la pool lina harufu ya kamari, kwa maana neno hilo la Kiingereza lilihusu fedha za dau zinazochangwa pamoja. Kucheza ili anayeshindwa alipie mchezo ni jambo dogo. Lakini dau linapopanda hadi kufikia nauli, karo, au unga wa watoto, hapo hakuna tena mchezo. Kuna nyumba itakayolala njaa. Jambo hilo tulikemee bila kigugumizi. Tulikemee pia linapofanyika kwa siri katika simu ya mkononi, ambako mzazi halioni wala jirani hasemi neno. Meza inalaumiwa upesi kwa sababu iko barazani.

Kuhusu saa, Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho huhitaji pumziko kama mwili unavyolihitaji, na kwamba mchezo ni halali ukiwa wa adabu na ukimfaa mtu, wakati na mahali. Kipimo hicho kinatutosha. Mwanafunzi aliyevaa sare hana haki ya kuwa mezani saa nne asubuhi, na mwenye meza anayempokea anashiriki kosa lake. Mwenye kazi aliyeitoroka naye aonywe. Lakini yuko wa tatu, aliyezunguka kutafuta kibarua na kurudi mikono mitupu. Huyu tukimwita mvivu tunamwongezea aibu juu ya umaskini. Kumfukuza mezani hakumpatii kazi. Kunamwondoa tu machoni petu.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Wenye meza wasiruhusu watoto wa shule, wasifungue kabla ya saa za jioni siku za kazi, na wakatae dau mezani pao. Wazazi wafike pale angalau mara moja, wawajue vijana kwa majina. Parokia nayo isione haya kuwa na meza yake, pembeni ya ukumbi, mbali na pombe, na kuandaa mashindano kati ya jumuiya, kombe likiwa ndiyo zawadi. Mwenye nafasi ya kibarua, hata cha siku moja, akumbuke kwamba pale mezani wapo watu wenye macho makini na mikono imara.

Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja tu na amuulize: siku yako inakwendaje? Tusikilize jibu hadi mwisho.

Tunawatakia juma jema.