Yaliyopita si ndwele, na yaliyopo je?

MPENZI msomaji, leo ni Jumapili. Labda unausoma ukurasa huu ukiwa umeketi kivulini huko Milimani, ama uko nyumbani kwako Nyalenda, chai ikipoa mezani. Hebu nikuulize: akili yako iko hapo ulipo, ama imekwisha tangulia hadi Jumatatu, kwa mwenye nyumba na karo ya shule?

Usione haya, hauko peke yako. Mwaka wa 2010, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, saa mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijisikiaje. Waligundua kwamba kwa karibu asilimia 47 ya wakati, akili ya mtu huwa haiko kwenye jambo analolifanya. Tena, watu hao walikuwa na furaha kidogo akili zao zilipotangatanga kuliko zilipotulia.

Mimi nilifunzwa somo hili kwa uchungu. Mama yangu alikuwa muuzaji wa omena huko Asembo Bay. Siku moja nilipomtembelea tuliketi mlangoni, yeye akichambua omena wa kunifungia huku akinisimulia jambo fulani kuhusu marehemu baba. Niliitikia, "Ndiyo, Mama," "Kweli, Mama," lakini macho yalikuwa kwenye saa. Nilihofia kukosa matatu ya mwisho ya kurudi Kisumu, na moyoni nilikuwa nikipiga hesabu ya deni la dukani.

Matatu niliipata. Deni pia nililipa. Miezi mitatu baadaye tulimzika Mama. Wakati wa matanga ndugu zangu waliniuliza kuhusu jambo lile, kwani alikuwa amewaambia, "Nimekwisha mweleza ndugu yenu." Sikuwa na la kuwajibu. Nilikuwepo siku ile, na sikuwepo.

Ajabu ni kwamba kazi ya Mama yenyewe ilikuwa na mafunzo haya. Omena huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwavuta kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi zipo hata za nguvu za jua. Asubuhi akina mama huwanunua ufuoni na kuwaanika. Muuzaji wa omena hawezi kuanika kwa jua la jana, wala hawezi kuazima la kesho. Wingu likitanda, sharti awaanue mara moja. Akiwa anawaza mengine, atawakuta wamelowa, na mtaji umekwenda.

Wapo watakaosema kwamba kuishi leo ni ufujaji. La hasha! Kwa miaka mingi uvuvi wa omena umekuwa ukisimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki hao wazaane. Mama alilijua hilo, naye aliweka akiba katika chama mapema. Kupanga ya kesho ni kazi ya leo. Ifanye, kisha uiache. Kibaya ni ule wasiwasi unaozunguka kichwani usiku kucha bila kuzaa hata shilingi moja.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sibishani nao, ila naongeza: na yaliyopo tuyatazame.

Basi uanzie wapi? Kwanza, tenga saa maalumu ya kuwaza madeni, tuseme Ijumaa jioni, ukiwa na kalamu na karatasi. Fikira hizo zikikujia saa nyingine, ziambie zingoje Ijumaa. Pili, wakati wa mlo weka simu kando, ule ukijua unachokula na unayekula naye. Tatu, mtoto, mumeo au mkeo akikusemesha, mgeukie umtazame usoni. Akili ikitoroka usijilaumu. Irudishe polepole, hata kama ni mara kumi.

Mpenzi msomaji, sasa likunje gazeti hili kwa dakika chache. Pengine yuko mtu humo nyumbani ambaye amekuwa akikusimulia jambo. Msikilize. Gazeti litakungoja, yeye huenda asikungoje.