Presha si ya wazee peke yao

Dai kwamba presha ni ugonjwa wa wazee, na kwamba mtoto aliyepata kiharusi hupona mwenyewe kwa sababu ubongo wake bado mchanga, linawapotosha wazazi.

Ubongo mchanga hujifunza upya, ni kweli, lakini unahitaji msaada. Watoto wengi hubaki na mkono dhaifu, usemi wa shida au kifafa. Presha nayo si ya wazee tu: kwa mtoto pia, ikipanda sana baada ya kiharusi ni hatari. Lakini ikishushwa kwa pupa, ubongo uliojeruhiwa hukosa damu. Kwa hiyo ipimwe, tena kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtoto. Mkanda mpana wa mtu mzima hutoa namba ya chini kuliko hali halisi, na presha hujificha.

Kinga dhidi ya kiharusi nayo ipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye ugonjwa wa selimundu walio hatarini hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90.

Mdomo wa mtoto ukipinda ghafla, msingoje kesho. Mkimbizeni hospitali, na akitulia, mazoezi ya viungo yaanze mapema.